Sinia ya Ukutani

Asubuhi ile mama na mimi tulikuwa mchangani Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, tukianika ndagala, dagaa wa kwetu, tukibishana juu ya harusi yangu. Mama alitaka wali mwingi na nyama kidogo. Mimi nilitaka nyama, na nilinuna mpaka adhuhuri. Ndiyo yaliyokuwa matatizo yetu mwaka 1972.

Jioni waasi wa Kihutu walifika na mapanga kutoka upande wa Nyanza-Lac. Waliua majirani zetu wawili. Siku chache baadaye jeshi likashuka kutoka Bujumbura, na katika kikosi kimoja cha askari wa miguu alikuwemo kaka yangu Hamisi.

Sijawahi kuona kitu kama kikosi kile. Wanaume wote wale, hatua moja, mwili ulinisisimka. Hamisi alipita mbele yangu bila kugeuza jicho, nami nikamwonea fahari hadi machozi yakanitoka.

Walipiga kambi shuleni. Mkubwa wao, liyetona mmoja mpole wa sauti, aliagiza wanawake wa mtaa wetu wa Waswahili wapike. Hatukuwa na sahani za kutosha, tukapakua kama tunavyopakua msibani: sinia moja, watu sita. Mwanzoni askari walisita. Kufika siku ya tatu walikuwa wakinyang'anyana ukoko, Mhutu na Mtutsi, mikono inagongana. Mama aliniambia waliokula sinia moja hawawezi kudhuriana. Nilimwamini kabisa.

Tulikosea.

Siku moja, chakula kimeshapakuliwa, liyetona alikuja na karatasi akasoma majina. Waliotajwa walikuwa Wahutu watupu, kwa kuwa waasi walikuwa Wahutu; waliweka bunduki chini wakakalishwa ukutani.

Mama aliwapelekea sinia. Hawakuigusa.

Hamisi hakutajwa. Baba yetu alitoka Uvira, Kongo, na kwa wenye karatasi sisi tulikuwa Waswahili tu, si Wahutu wala Watutsi. Alikaa na wenye bunduki, mkono juu ya ugali, hamegi.

Kisha akainuka. Akailaza bunduki yake chini, akavuka uwanja, akachuchumaa kwenye sinia ya ukutani.

Mama alimfuata. "Mutoto wangu, rudi kule," alimwambia polepole. "Jina yako haiko kwa karatasi."

"Hawa iko wenzangu, mama. Nimekula nao."

Akasema bismillahi, akamega tonge. Mmoja akanyoosha mkono, kisha mwingine. Wakala wote.

Lori lilikuja kabla ya alasiri. Liyetona alimwita Hamisi kwa jina, mara mbili. Hakugeuka. Hatukumwona tena.

Tulivukia Kigoma, na mama alifia huko. Nimemlaumu kaka yangu miaka mingi, sifichi. Alituacha wanawake wawili bila mtu, na hakuokoa hata mmoja. Lakini nilikuwepo. Niliwaona watu wanaojua wanakopelekwa wakila kwa utulivu kwa sababu mwenzao amekuja kula nao. Walipanda lori wakiwa wameshiba.