Jumbe wa Saruji Aliyehamia Kizwite

Safari hii ilinigharimu petroli ya kwenda na kurudi, kamba mpya ya katani, springi moja ya guta langu la magurudumu matatu, na kona nzuri ya yadi ambayo mpaka leo siwezi kuitumia. Nimehesabu mara mbili na jibu ni lile lile: faida hakuna. Naisimulia hata hivyo, kwa sababu nimekwama, na mwenzenu nikikwama nauliza.

Mimi nanunua vyuma chakavu hapa Kizwite, Sumbawanga. Baba yangu alitoka Usukumani na ng'ombe wake akashukia bonde la Rukwa, upande wa Muze. Ng'ombe walibaki kwa kaka zangu, mimi nikapanda huku juu kufuata mabati mabovu. Mwezi wa sita mwenyekiti wa kijiji kimoja mbele ya Kaengesa alinipigia simu. Kijiji sikitaji, bado nahitaji masufuria yao.

"Masanja, tuna sanamu tunataka iondoke. Ya shaba."

"Ukubwa gani?"

"Mtu mzima."

"Mnene au mwembamba?"

"Mnene. Alikuwa jumbe."

Nikamwambia nitafika kesho.

Asubuhi niliondoka na vijana wangu wawili wa yadi kabla jua halijapata nguvu. Nilivaa makoti mawili na bado upepo wa Ufipa ulinikuta. Barabara inapita kwenye vilima vya nyasi visivyo na mti wa kukukinga, halafu mikaratusi ya kanisa, halafu tena nyasi. Ulezi ulikuwa umeshavunwa, mahindi yamesimama makavu yakigongana. Njiani kuna tanuri moja la kale la udongo, refu kuliko mimi, lile ambalo Wafipa waliyeyushia chuma; wenyeji huyaita matanuri hayo malungu. Huwa nasimama pale kila nikipita. Wale ndio walionitangulia kazini, na hakuna aliyewajengea sanamu.

Saa nne nilifika. Sanamu ilikuwa mlangoni pa shule ya msingi, imepakwa rangi inayong'aa, mkono wa kulia umenyooshwa na fimbo ndani yake. Lakini kilichonishangaza ni watu. Wanaume wamesimama mbali, mikono nyuma. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, khanga kichwani. Moto umewashwa, sufuria la ugali liko jikoni.

"Nani amefariki?" nikamuuliza mwenyekiti.

"Bado," akasema.

Nikatoa sumaku yangu nikaiweka kwenye kifua cha Jumbe. Haikushika, nikafurahi, kwa kuwa shaba haishikwi na sumaku. Nikagonga kwa funguo. Mlio ulikuwa wa ukuta. Nikagonga tena, maana mimi sihukumu kwa mlio mmoja. Ukuta.

"Mwenyekiti, hii ni saruji."

"Rangi yake ni ya shaba."

"Nami nikivaa kanzu nyeupe nitakuwa padri?"

Mzee mmoja aliyevaa koti la kijeshi lililopauka akacheka peke yake. Alikuwa Mzee Desideri. Nikampa shikamoo, akanipokea kwa makofi ya taratibu, namna wazee wa huku wanavyoitikia.

"Usikasirike, baba," akaniambia. "Simama hapa nikuoneshe."

Akanisimamisha chini ya mkono wa sanamu. Ncha ya fimbo ikaja juu ya bega langu.

"Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipofika huku, walitakiwa wapagazi. Jumbe aliwapanga watu hapa hapa, akapita akigusa mabega. Aliyeguswa alikwenda. Babu yangu aliguswa, na mpaka leo hana kaburi. Sasa watoto wa shule wana mchezo wao. Asubuhi ya mtihani wanapita hapa, wanainama, fimbo iwaguse bega, wapate bahati. Mwaka jana nilimkuta kitukuu wangu amepanga foleni."



Sauti ikatoka kwenye mkeka. "Mwambie na la ghala, Desideri. Usimpe mgeni nusu."

Aliyesema ni Bibi Skola, mjukuu wa Jumbe, mwanamke mwembamba mwenye rozari shingoni. Yeye na nduguze ndio waliochanga wakajenga sanamu ile.

"Mwaka wa njaa babu yangu alifungua ghala lake," akaniambia. "Ukoo mzima wa Desideri ulikula ulezi wake. Na hao wapagazi, aligusa wachache ili wasichukuliwe wote. Angekataa angenyongwa."

"Angekataa, dada," Desideri akajibu polepole, "leo sanamu ningeijenga mimi."

Mwenyekiti akanivuta pembeni akanieleza kilichobaki. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeshaamua Jumbe aondoke. Kasoro ilikuwa mkono wa kumwondoa. Akina Desideri wakimgusa, ni kisasi. Akina Skola wakimgusa, wamemtupa mzazi wao. Jirani yeyote akishika mtaimbo, amechagua upande, na Jumapili atakaa benchi moja na upande wa pili kanisani.

"Ndiyo tukasema tutafute mtani," akamaliza.

Hapo nikaelewa mikeka na ule moto. Kwenye msiba mtani hufanya yale ambayo mwenye uchungu hawezi kuyafanya. Humtukana marehemu, huzuia jeneza, huingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote.

"Mimi nimekuja kununua," nikasema.

"Umekuja msibani," Mzee Desideri akanikata. "Wazee wetu walitaniana na Wanyamwezi wa misafara. Wewe Msukuma, shina ni moja. Unatosha."

"Na ujira?"

"Mtani huchukua mali ya marehemu."

"Marehemu ana mali gani?"

Mwenyekiti akamnyooshea kidole Jumbe. "Mwenyewe."

Nimefanya biashara mbaya maishani, lakini hiyo ilikuwa ya kwanza niliyoingizwa kwa sababu ya kabila langu. Nilitazama guta, nikatazama mikeka. Bibi Skola alikuwa ananikodolea macho, na niliona kwamba nikigeuka niondoke, ataachwa na kesi ile hadi afe. Nikavua koti moja, nikapanda kwenye msingi wa sanamu, nikamkumbatia Jumbe shingo.

"Wewe mzee!" nikapiga kelele. "Umesimama miaka yote hii hata kigoda hukupewa! Waliokuogopa wamekufa, waliokupenda wana baridi yabisi! Uligusa watu mabega, leo nani anakugusa? Msukuma! Mnunua masufuria!"

Wanawake wakaanza kucheka kwenye khanga. "Mtukane, mtani, mtukane!" mmoja akaita. Nikampiga Jumbe kofi la kisogo. Nikamwambia tumbo lake limekula ghala kabla ya wenye njaa. Nikamwambia hata shaba hakuwa, watoto wake walimpaka rangi kama kitanda cha mnadani. Bibi Skola mwenyewe alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Nikapata moto, na mtu akipata moto husema asilolipima.

"Ulijua kuhesabu wa kwenda," nikasema. "Wa kurudi mbona hukuwahesabu?"

Kicheko kikakatika. Mzee Desideri akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Kisha Bibi Skola akaanza kulia, kilio kirefu cha msibani, na kabla hajavuta pumzi wanawake wa akina Desideri wakampokea. Walilia pamoja. Mimi nilibaki juu na mkono shingoni mwa saruji, sijui aliyekuwa analiliwa ni yupi: yule niliyemkumbatia, au wale wasio na makaburi.

Adhuhuri nikaanza kazi. Kabla ya mtaimbo kuingia, Bibi Skola akasimama.

"Hatavunjwa. Babu yangu atoke mzima."

"Asitoke na fimbo," akasema Desideri.

Kupatana ndiyo kazi yangu. Nilikwenda kwenye mkeka, nikarudi kwenye vumbi, nikaenda tena. Mwishoni, nilipoahidi hatavunjwa, bibi akasema, "Chukueni fimbo. Mkono mniachie."

Fimbo ilikuwa nondo iliyofunikwa saruji nyembamba, chuma pekee cha maana katika mali yangu yote. Niliikata kwa msumeno nikampa Mzee Desideri. Aliipima mikononi muda mrefu.

"Nyepesi," akasema. "Nyepesi hivi."

Mimi na vijana wangu tulipomng'oa Jumbe, mzee akailaza fimbo ndani ya shimo. Watu wakapita mmoja mmoja wakatupa udongo kwa mkono, Bibi Skola naye. Kisha tukala ugali, na sikuona kitu kingine cha kufanya zaidi ya kunawa na kula.

Jioni nilirudi mjini. Jumbe alikuwa amelala nyuma, amefunikwa kitenge cha Bibi Skola, kamba kifuani. Njiani wapanda baiskeli walishuka wakavua kofia, nami sikuwasahihisha. Springi ilikatika nikikaribia mjini.

Nilidhani kuondoa sanamu ni kazi ya mtaimbo na kamba. Ile ilichukua chini ya saa moja. Kazi nyingine imehamia kwangu, nayo inaendelea. Jumbe amesimama konani mwa yadi, mkono umenyooka na kiganja kitupu, kama anaomba. Wateja wapya wanamsalimia.

Bibi Skola hupita kila akija kliniki. Humfuta vumbi, halafu huniambia, "Mwanangu, mgeuze atazame barabara. Si mwizi." Namgeuza. Mzee Desideri hupita akija kuuza maharage. Hamgusi. Hukaa kwenye gurudumu bovu, humtazama, halafu husema, "Baba, mgeuze atazame ukuta. Ametazama watu vya kutosha." Namgeuza. Kila mmoja ameniomba nisimwambie mwenzake kwamba anakuja. Kumgeuza ni vijana wawili na mtaimbo, na miguu yake imeanza kumomonyoka, nami niliahidi hatavunjwa.

Jumapili ijayo kuna upadrisho hapa mjini. Anayepewa daraja ni mtoto wa kijiji chao, na wote wawili wameniambia watapita kwangu baada ya misa. Ninyi mliosoma, mliozika, mliopatanisha ndugu, nishaurini kabla ya siku hiyo: uso wake niuelekeze wapi?