Kilemba cha Mihayo

Wingu la wadudu wa ziwani linaingia Mkuyuni asubuhi, na Kokuberwa Kaijage anakimbilia dirisha. Amechelewa. Mdudu mmoja ameshanasa kwenye picha, shavuni mwa marehemu Mihayo, na rangi ya mafuta bado mbichi.

Anamtoa kwa ncha ya sindano, pumzi ameibana. Mama wa marehemu yuko njiani kutoka Usagara kuja kuiona picha.

"Akisema hapana, naifuta," anasema mchoraji huyu mwenye miaka 36. "Sura ni ya mtoto wake, siyo yangu."

Kokuberwa anaishi kwa kuchora mabango ya saluni na maduka, lakini roho yake iko jukwaani. Kwa miaka tisa amewachora waigizaji wa kikundi kimoja cha hapa mjini. Saluni hulipa papo hapo. Waigizaji hulipa kwa makofi.

Mihayo ndiye aliyekuwa kipenzi cha watazamaji. Mwanamume huyo alivaa kitenge na kilemba, akaigiza mama mkali asiyepitwa na neno, watu wakavunjika mbavu. Homa ilimchukua Februari. Wenzake wanataka picha yake, akiwa katika vazi hilo, itundikwe ukumbini Jumamosi.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Mama yule hakutungwa: Mihayo alikuwa akimwigiza mama yake mzazi, ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbini.

"Wapo walioniambia nimchore na shati tu, mama asiudhike," anasema Kokuberwa. "Sasa Mihayo wa shati mimi nilikuwa simjui."

Hodi inapigwa. Mama wa marehemu, Sabina Ndalahwa, anaingia, kilemba kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakai. Anaitazama picha. Kokuberwa, roho juu, anafuta brashi ambayo tayari ni safi.

"Huyu ni mimi," mama anasema hatimaye.

"Nisamehe, mama."

"Watu walikuwa wanacheka?"

"Sana. Mpaka machozi."

Mama anasogea karibu zaidi. "Mbona fundo liko kulia? Mimi nafungia kushoto. Nilipovunjika mkono, yeye ndiye alikuwa ananifunga kila asubuhi. Anajua."

Mama ananyoosha kidole kwenye fundo, bila kuligusa.

"Rangi imekauka?"

"Bado mbichi, mama."

"Basi rekebisha."

Anavuta kigoda, anakaa, anageuza kichwa ili fundo lionekane vizuri. Kokuberwa anachovya brashi.

"Naomba wadudu wabaki ziwani mpaka Jumamosi tu," anasema. "Nataka nimtundike yeye peke yake, bila mdudu shavuni."

"Nitakuja," anasema mama, shingo haigeuki. "Na mtu akicheka, mwacheni acheke."