Nilivyoagwa Kwenda Dubai kwa Mbuzi wa Mchango

Jamani, chekeni mnavyotaka, mimi nishazoea, maana aibu iliyonipata Garissa mwaka ule wa tisini na kitu, nimebakiza siku chache tu nipande ndege kwenda Dubai, hata ukiifunika kwa shuka itachungulia.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu (naam, hesabu, msianze), kijana wa mtaa wa Waberi, nimesoma chuo kikuu Nairobi kwa mkopo wa serikali, na mkopo ule ulitaka mdhamini. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo aliyeniwekea dhamana ni abti Dubow, yaani kaka yake mama, muuza mbuzi, ambaye hakujua kuandika lakini alijua ahadi ni deni, akachovya dole gumba kwenye wino akalibandika pale chini. Maana yake nisipolipa mimi atalipa yeye, na mali yake yote ilikuwa ya miguu minne.

Basi nikapata kazi Dubai, kushika hesabu za kampuni moja inayoingiza mifugo, mshahara mnono. Mtu mwenye akili angepita ofisi ya kodi, akaeleza anakokwenda na atalipaje mkopo akiwa huko, akamaliza mambo ya kodi yake, akaondoka kifua mbele. Mimi nikaogopa. Niliwaza kwamba wakijua nasafiri watanidai zote papo hapo na pasipoti wataikalia, nikasema heri nikaanze kazi kwanza, nani atajua? Sasa wiki ile tumekaa tunakunywa chai, abti akaniuliza, "Abti, lile deni la serikali umelifanyaje?" (Kwetu mjomba na mpwa huitana abti wote wawili.) Nami, kwa uvivu tu wa kueleza, nikamjibu, "Limekwisha, abti," nikaongeza sukari.

Kumbe alifurahi kuliko nilivyodhani. Siku ya dua ya kuniaga akachinja ngamia, akaalika ukoo mzima, wengine wakaja na lori kutoka Kotile, na juu ya hayo akamwalika Bwana Mutua, afisa wa kodi, mtu wa Machakos, mteja wake wa mbuzi. Nilipomwona Bwana Mutua anavua viatu mlangoni nikaanza kutafuta mlango wa nyuma kwa macho, kwa sababu ofisi yake ndiyo sisi wenye mikopo tuliyotakiwa kupitia kabla ya kwenda kufanya kazi nje.

Kwetu mtu hafungi safari ndefu na deni shingoni. Sheikh alisoma dua, kisha akauliza kama ilivyo desturi: anayemdai kijana huyu aseme sasa, alipwe au asamehe. Mwenye duka jirani akanisamehe sukari ya miezi, watu wakasema mashallah, nami nikadhani nimeponea hapo. Ndipo abti akasimama, kikoi kipya, ndevu zimekolea hina, akaingia Kiswahili kwa ajili ya mgeni, kile chake cha Kisomali ambacho "p" hugeuka "b".

"Bwana Mutua, wewe ni serikali. Kijana yangu ameliba deni ya chuo yote, na mimi kidole yangu imefunguka. Simama, toa ushahidi mbele ya watu, wasikie!"

Alijivuna, maskini, mpaka nikamwonea huruma, kisha nikajihurumia mwenyewe. Bwana Mutua alikuwa na mfupa mkononi. Nikamkonyeza, akadhani nimeingiwa na kitu jichoni.

"Mzee," akasema polepole, "mimi siwezi kushuhudia nisichokijua. Mwalimu hajafika kwetu. Hata hii safari yenyewe ndiyo naisikia hapa, kwenye wali."

Wee! Abti hakufoka, na ingekuwa nafuu angefoka. Alikaa chini taratibu, akaniuliza kwa Kisomali, "Abti, ulikuwa unaniachia mimi?" Nilitamani ardhi ipasuke. Niliumia kwelikweli, kwa sababu hilo hasa ndilo nililokuwa nafanya, na mpaka alipolisema sikuwa nimeliona hivyo.

Nikafungua mdomo nieleze, lakini bibi yangu alikuwa keshasimama kusema kwamba mjukuu wake hafungwi na serikali wakati ukoo upo hai, na kwamba yeye anatoa mbuzi. Basi! Mchango wa namna hiyo, qaaraan, ukishaanza hauzuiliki. Huyu mbuzi, yule kondoo, mzee mmoja wa Kotile akatoa mtamba wa ng'ombe, na kila nikisema "ngojeni, si hivyo," wanadhani naona haya, wanaongeza. Hata Bwana Mutua, kwa kuona kila mtu anatoa, akajikuta ametoa mbuzi (yule yule aliyemnunua kwa abti asubuhi).

Kesho yake tukaandamana kwenda ofisini, mimi mbele kama mshtakiwa, abti nyuma yangu, wazee na bakora zao, na mbuzi wakila maua ya serikali njia nzima, na wanafunzi wangu wamejipanga kando ya barabara wanashangilia, "Mwalimu anaenda kulipa!" Bwana Mutua alitoka nje ameshika kichwa.

"Wazee, serikali haipokei mbuzi. Na nani alisema tunataka zote leo? Aache anwani ya mwajiri wake, aseme kila mwezi atatuma ngapi, kodi ya mshahara wake wa hapa tuifunge, asafiri salama."

Hayo tu! Nikatia sahihi. Kisha Bwana Mutua akamuuliza abti kama bado ananidhamini. Abti alinitazama, nami nikatazama viatu, akauliza wino uko wapi.

Mbuzi nilitaka kuwarudisha kwa wenyewe, nikaambiwa kurudisha qaaraan ni kumtukana mtoaji, kwa hiyo wakauzwa, nikaondoka. Deni la serikali nililimaliza nikiwa kule kule Dubai, mwezi kwa mwezi, bila kelele. La mbuzi ndilo halina mwisho. Kila nikipiga simu nyumbani, pale kwenye duka la jirani, kuna mtu anangoja zamu: "Yusuf, mimi ndiye niliyetoa yule mweupe," halafu inafuata ada ya mtoto, halafu harusi, na wallahi siwezi kusema hapana. Ndiyo maana siku hizi, nikihama hata mtaa, naenda ofisini mapema kwa miguu yangu, kabla ukoo haujanipeleka.