Domain ya duka langu haikuwa yangu, na aliyeisajili nikamtukana bila kujua yaliyompata

Habari za muda huu wakuu,

Hili limenipata mwenyewe, sijasimuliwa. Nitaeleza lote, hata pale panaponiaibisha.

Mimi ni mwanamke, nauza kanzu na mabaibui Kariakoo, duka tuliloachiwa na baba, lenye jina la babu. Miaka mitatu nyuma jamaa mmoja, tumwite Rashidi, alinitengenezea website. Ofisi yake ilikuwa Gerezani, chumba cha juu ya maduka ya spea. Kila kitu alishika yeye. Mimi nilichojua ni kwamba wateja wa Comoro na Lubumbashi wanaingia, wanachagua, oda inakuja kwenye simu. Basi.

Wiki tatu kabla ya Ramadhani, oda zikakata. Mteja wa Moroni akanipigia:

"Dada, mmefunga duka?"

Nafungua website, haipatikani.

Nampigia Rashidi, inaita, haipokelewi. Namwandikia WhatsApp, tiki zinageuka bluu, jibu hakuna. Siku tatu hivyohivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Mtu anasoma halafu ananyamaza?

Nikaenda Posta, kwenye kampuni inayosajili domain, yaani majina ya website. Dada wa pale mstaarabu kabisa.

"Domain imeisha muda, inatakiwa kuhuishwa. Ila mwenye nayo si wewe."

"Si mimi kivipi? Hilo ni jina la babu yangu!"

"Jina la duka ni lenu. Domain imesajiliwa kwa jina na email ya mtu mwingine. Yeye ndiye wa kuidhinisha."

"Na website je?"

"Website ni kitu kingine. Nayo inakaa kwenye hosting, nafasi ya kukodi mtandaoni, na hiyo pia ni kitu kingine."

Wakuu, nilitikisa kichwa kama nimeelewa. Sikuelewa chochote. Mpaka nafika Mnazi Mmoja najiuliza, sasa miaka yote hii mimi nilikuwa na nini?

Hasira zikapanda. Nikamwandikia Rashidi maneno ambayo siwezi kuyaweka yote hapa. Nilimwita tapeli. Nikamwambia dhuluma hiyo haitamwacha salama.

Tiki zikageuka bluu.

Asubuhi yake nikaenda Gerezani. Chumba kimefungwa. Muuza spea wa chini akanishangaa.

"Rashidi? Mbona tulimzika mwezi uliopita. Presha."

Nilikaa kwenye ngazi. Kama amezikwa, nani anasoma meseji zangu?

Muuza spea akanielekeza nyumbani kwa marehemu, Ilala. Mjane yuko eda. Kaka wa huyo mjane alinipokea, akanipitisha ndani. Nikatoa pole, nikajitambulisha kwa jina la duka. Mjane akaniuliza:

"Wewe ndiye wa kanzu?"

"Ndiyo."

"Simu yake ninayo mimi. Kila ukiandika nataka kukujibu. Sikujua nianzie wapi."

Nililia kuliko yeye. Nikamwomba radhi. Akasema, "Hukujua."

Kisha akamwambia kaka yake alete daftari. Rashidi alikuwa ameandika wateja wake wote, domain na password za kila mmoja. Tulikuwa kumi na wawili. Sote alitusajili kwa jina lake, arahisishe kazi. Hakukuwa na utapeli wowote.

Kampuni ikataka cheti cha kifo na barua ya familia. Mjane akasaini bila kinyongo. Website ikarudi Ramadhani imeshaanza, oda nyingi zimeshapotea. Hosting bado sijaielewa sawasawa, ila nayo sasa ina jina langu.

Wale kumi na mmoja nao hawakuwa na habari. Mimi na yule kaka tulikaa tukawapigia mmoja mmoja kwa simu ya marehemu. Wawili walianza na matusi kabla hatujasema salamu. Nikawaacha wamalize.

Nilichojifunza: domain isajiliwe kwa jina lako na email yako, hata kama fundi ni ndugu yako. Na mtu akikaa kimya, nenda kwanza ukamuulizie kwake.

Sasa kuna jambo limenishinda. Siku tunaagana, yule kaka aliniuliza: hizi domain zilizobaki kwenye jina la marehemu, wenyewe wengine wasipokuja kuzihamisha, zinaingia kwenye mirathi au ni amana ya watu?

Nilimwahidi nitauliza. Wanasheria, masheikh na watu wa IT mliomo humu, nisaidieni nikampe jibu.