Utando wa Mbavu

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chai naangalia kwanza ndani ya kikombe, na mke wangu hupenda kuwaambia wageni kwamba hata yeye nilimkagua kabla ya kumwoa. Kazi ndiyo iliyonizidishia tabia hiyo. Miaka ya sabini nilikuwa bwana mifugo pale Mhunze. Kila asubuhi, kabla nyama haijaenda buchani, ilinibidi niipitie machinjioni na kuigonga mhuri wa wino wa zambarau.

Chuoni mwalimu wetu alitufundisha kwamba ndani ya mnyama hakuna kiungo kilicho uchi. Moyo una utando wake, mapafu yana wake, tumbo limetandikwa lote, na mbavu kwa ndani zimefunikwa ngozi nyembamba, laini, yenye unyevu, ili mapafu yateleze yanapojaa hewa. Ng'ombe mwenye kifua kikuu anaweza kuota vinundu juu ya utando huo, vigumu kama punje za mtama. Mapafu mtu anaweza kuyatupa, lakini utando umeshikana na mbavu. Ndiyo maana nilitazama mbavu kwanza.

Shida ni kwamba mchinjaji alikuwa baba mkwe wangu. Kwetu Usukumani baba mkwe humkazii macho, wala humbishii mbele za watu. Nilikagua nyama yake miaka yote hiyo nikiongea na mbavu.

Asubuhi moja nilikuta ng'ombe ameshatundikwa, na mbavu zake kwa ndani hazing'ai. Zilikuwa na mikwaruzo ya kisu. Utando ulikuwa umebanduliwa wote.

"Shikamoo, baba. Huku ndani pamekuwaje?"

"Marahaba, mkwe. Palikuwa na damu, nimepasafisha."

"Na mapafu?"

"Mbwa wameyawahi."

Mbwa! Mzee yule alikuwa hamruhusu mbwa hata kunusa ukuta wa machinjio. Lakini nyama niliigonga mhuri, na aibu ya mhuri ule ninayo hadi leo. Wiki nzima sikupata raha. Nilishawishika kwamba ananunua ng'ombe wagonjwa mnadani kwa bei ya kutupa, na kwamba ananitumia mimi, mume wa binti yake, kuwalisha watu uozo.

Wiki iliyofuata mbavu zilikuwa zimekwanguliwa tena. Safari hii nilisema nimesahau mhuri nyumbani, nikazunguka nyuma hadi kwenye shimo la taka. Nilichokoa kwa kijiti mpaka nikauona utando, umeviringwa kama kitambaa cha kufutia masufuria. Niliuosha kwenye debe la maji, nikautandaza juu ya kiganja. Utando mzima ungenionyesha mistari ya mkono wangu. Huu ulinionyesha vinundu, vimejazana kila mahali.

Nikaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha kuwekea ngozi, nijue ng'ombe ametoka kwa nani. Ngozi mbichi ilikuwa kwenye kona, imekunjwa manyoya ndani. Niliikunjua. Ilikuwa nyekundu yenye tumbo jeupe, na sikio lake lilikuwa na mikato miwili, mmoja juu na mmoja chini. Alama ile niliijua tangu nikiwa mchunga ndama. Ilikuwa alama ya baba yangu mzazi.

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni.

"Sikutaka uione, mkwe," alisema. "Hao ni wa mahari. Nikisema ni wagonjwa, nimemtukana baba yako, na mwanangu atasemwa kwamba aliolewa kwa magonjwa. Nikaona niwamalize kimya kimya. Nyama si inapikwa?"

Niliiachia ngozi ile. Hasira niliyokuwa nimeilea wiki nzima ilinitoka, na mahali pake ikaingia hofu. Ng'ombe wale walizaliwa katika zizi la baba yangu, na mama zao walikuwa bado wanakamuliwa. Binti yetu mkubwa, wa miaka mitatu, tulikuwa tumempeleka kwa baba yangu huyo miezi mitano iliyopita, mdogo wake alipozaliwa. Kila aliyetoka huko alituletea sifa zilezile: mtoto anakunywa maziwa papo hapo zizini, yakiwa bado na povu, bila kuchemshwa.

Nilipanda baiskeli bila hata kunawa mikono vizuri. Nilifika alasiri. Baba alikuwa uani, mtoto amekaa mapajani mwake, na aliponiona alicheka kwa furaha.

"Umekuja kujionea mwenyewe? Mlimleta amekonda huyu! Hebu tazama shingo ilivyojaa. Maziwa yamemkubali."

Mtoto alinikimbilia, nikambeba. Nikaweka kidole gumba chini ya taya lake, pale nilipozoea kubonyeza tezi za ng'ombe kila asubuhi. Vinundu vilikuwa vitatu, vigumu, vimeshikana. Baba alikuwa bado anacheka, akisubiri nimshukuru.