Kuhamisha Linux Wakati wa Radi

Nilipopata kompyuta mpya, kaka yangu wa Columbus alinishauri kwa simu niweke Linux, mfumo unaoiendesha, upya, nisihangaike na ule wa kompyuta ya zamani. Nikamjibu kwamba nilishaanza upya kwenye kambi ya wakimbizi, nikaanza upya hapa Louisville, na kuanza upya kumenichosha. Safari hii nahama na kila kitu, mpaka picha ya skrini.

Kwa kweli picha haikuwa shida. Ndani ya kompyuta kuukuu mlikuwa na sauti ya marehemu baba, dakika mbili tulizomrekodi kambini kwa simu, na nakala nyingine haikuwepo popote. Betri ya kompyuta hiyo ilikufa zamani, ikawa inaishi kwa waya wa ukutani tu.

Jumamosi moja nikaziunganisha kompyuta mbili, nikaanza kunakili diski nzima, nikaenda kuoga. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Buffalo. Radi ikanguruma. Kwetu Kivu, radi ikinguruma, kioo cha kujitazamia hufunikwa na kila chenye waya huchomolewa, na mama hakuona sababu ya kuacha desturi eti kwa kuwa amevuka bahari. Nilipotoka bafuni nilikuta kioo kimevaa kitenge na mama ametulia kitini, ameridhika na kazi yake. Hata kibaniko cha mkate hakikusalimika.

Nikairudishia waya, lakini ile kuukuu haikuwaka tena. Nilikasirika, nikamwambia mama kilichokuwa ndani. Akauchukua waya, akajaribu kuuchomeka tena yeye mwenyewe. Nikaona aibu.

Kaka akaniambia niache kukaa matanga mapema: nifungue skrubu, nitoe diski, niipachike kwenye mpya. Nikafanya hivyo kwa ncha ya kisu cha matunda. Linux ikaamka ugenini bila kuulizwa karatasi wala kuchukuliwa alama za vidole, na picha yake palepale. Mimi safari kama hiyo niliisubiri miaka tisa.

Nikaifungua sauti. Baba akatoka na ukali wake uleule: “Muzime hiyo simu. Munamaliza moto ya betri.” Kwetu umeme huitwa moto.

Radi ikanguruma tena. Mkono wa mama ukaenda wenyewe, ukachomoa waya. Lakini kompyuta mpya ilikuwa na betri nzima, na baba akaendelea kutugombeza. Mama akabaki ameshika waya, anacheka huku machozi yanamtoka.

“Acha tu, papa,” akamjibu mumewe. “Moto ingali iko.”