Mwaka wa Posa na Mtihani

Mimi si mtu jasiri, na nalisema hili mapema ili ujasiri usije ukatafutwa baadaye. Watu wakisikia kwamba nilikuwa miongoni mwa wasichana wachache wa Likoni waliovuka feri kila asubuhi kwenda shule ya sekondari kisiwani, na buibui langu na mkoba wangu wa vitabu, huniona shujaa. Shujaa gani? Niliogopa kila kitu. Niliogopa kuikosa feri, nilimwogopa mwalimu wetu wa Kizungu, niliogopa mtihani. Na mwaka ule, mwaka mmoja kabla ya uhuru, niliogopa hata hodi ya alasiri mlangoni kwetu, kwa sababu saa hizo ndizo walizokuja wazee wa posa.

Posa yenyewe ilitoka Kisauni. Kijana alikuwa karani bandarini, na sina baya la kumsema, kwa kuwa sikupata kumtia machoni hata siku moja. Watu wake walitaka arusi iwe kabla ya Ramadhani. Mtihani wetu wa mwisho, ule uliosahihishwa ng'ambo, ulikuwa majuma machache kabla ya hapo. Na kwetu msichana akishaitikiwa posa hakuwa akitokatoka tena. Alitiwa ndani, akasingwa liwa mwili mzima, akangoja siku yake. Kwa hivyo baba akitoa neno mapema, mtihani siufanyi. Bila mtihani hakuna chuo cha ualimu, na mimi nilitaka ualimu kuliko nilivyotaka mume, awe karani au awe nani. Nilikuwa nikihesabu siku kwa vidole chini ya meza, darasani na nyumbani.

Miongoni mwa vitabu vya mtihani kimoja kilinihangaisha kuliko vyote. Kilikuwa mchezo wa kuigiza wa zamani sana, wa Kiingereza ambacho hata Waingereza wenyewe hawakisemi tena, juu ya kijana na msichana waliopendana na hali nyumba zao ni maadui. Nakala hazikutosha, tukagawana wawili wawili. Mwenzangu alikaa Changamwe, basi kitabu kililala kwake juma hili, kwangu juma lijalo. Mwalimu alitusomea kwa sauti ya madaha, kisha akatuandikia maelezo ubaoni, nasi tukayanakili mpaka nukta. Nilikuwa naweza kutafuta maana ya kila neno peke yake. Yakikaa pamoja yalinishinda.

Aliyenifungua macho ni somo yangu, ambaye Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji. Kwetu msichana akivunja ungo hukabidhiwa kwa mwanamke mtu mzima asiye mamake, amfunze yale ambayo mama huona haya kuyatamka, na huyo ndiye somo yake maisha. Wangu alikaa mtaa wa Shika Adabu, mjane, msusi wa mikeka. Kila alasiri alikuja na fungu lake la miyaa, majani ya kusukia, akakaa nami uani akisuka ukili wa mkeka, na siku moja akaniuliza nasoma nini kinachonikunja uso hivyo. Nikaanza kumsimulia. Nikagundua kwamba kila kipande nilichoweza kumsimulia kwa Kiswahili nilikuwa nimekwisha kukielewa, na kile nilichobabaikia ndicho nilichopaswa kukirudia. Tangu siku hiyo akawa darasa langu la pili. Lilikuwa bora kuliko la kwanza, kwa sababu mwalimu wa kisiwani hakuwahi kunikatiza akaniuliza, "Ehee, kisha?"

Nilipomwambia kwamba zile nyumba mbili haziamkiani, na kwamba hata watumishi wao wakikutana njiani hupigana, hakuona ajabu.

"Kama sisi na wale wa chama cha pili siku za ngoma ya lelemama," alisema. "Tulikuwa tukipitana njiani tukitupiana maneno, wallahi, na ndani yetu mna mtu na dadake."

Aliyempenda zaidi hakuwa yule msichana wala yule kijana. Alimpenda mama aliyemlea msichana, yule aliyemnyonyesha tangu mchanga, mwenye maneno mengi na magonjwa ya mgongo, aliyewapelekea wapenzi salamu zao kwa siri. Darasani tulifundishwa kumcheka. Somo yangu hakumcheka. Kila alipokuja aliketi, akatandaza miyaa yake, akauliza kwanza, "Haya, yule mama afanyaje leo?" Ilipofika ile ndoa ya siri alisimamisha mikono.

"Na walii wa kumwoza yuko wapi?"

"Hapana walii, somo. Babake hajui."

"Basi hiyo si ndoa, mwanangu, hayo ni mashaka." Baba, aliyekuwa akifundisha chuo cha Qurani na wakati ule ameketi ukumbini na wenziwe wakibishana kama Mwambao ujitawale wenyewe na bendera iwe ipi, alikohoa kidogo nyuma ya pazia. Nadhani aliafiki.

Wazee wa Kisauni walikuja mara ya pili juma lilo hilo. Mama aliwatolea kahawa na halua, na walipoondoka aliimba jikoni. Mimi nilikuwa nimefika pale ambapo baba wa yule msichana anamchagulia mume mwingine, msichana anakataa, na baba anampigia kelele mpaka anamwambia akafe njiani. Nilisoma ukurasa ule, nikaurudia. Baba yangu hakuwa mtu wa kelele. Lakini mtu akiwa na hofu hujiona katika kila kitu, nami niliona kwamba yule msichana alisema, na kusema kwake hakukumfaa kitu.

Nikamsimulia somo yangu kipande hicho, na kile kinachofuata: msichana anamgeukia yule mama aliyemlea, anamwomba shauri, na mama yule anamwambia aolewe tu na huyo wa pili, ni mtu mzuri, wa kwanza yuko mbali na hana faida tena.

Aliweka ukili chini. "Kamwambia hivyo? Yeye, aliyekuwa akipeleka salamu?"

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Basi kamtupa. Mtoto yule hana mtu tena nyumba ile." Akakusanya miyaa yake kabla ya wakati, hata chai hakunywa, akaenda zake. Nilibaki uani na hofu, maana nilikuwa na jambo nililolijua na ambalo yeye bado hakuambiwa. Asubuhi ile mama alikuwa amenidokezea kwamba Ijumaa atatumwa somo yangu kuja kuniuliza.

Kuuliza kwenyewe ni hivi. Baba hamkabili bintiye kwa jambo kama lile. Humtuma mwanamke anayeaminika, naye humuuliza msichana ameridhia au hakuridhia. Msichana mwenye haya zake hajibu. Hunyamaza, na kimya chake ndiyo ridhaa. Hayo nilifunzwa tangu utotoni, na tena nilifunzwa na somo yangu huyo huyo. Ila asiyeridhia afanyeje, hilo sikuwahi kufunzwa na mtu.

Ijumaa ilifika. Baada ya sala somo yangu aliingia chumbani kwangu amejifunga leso mpya, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hakunitazama. Nyuma ya mlango nilijua yupo mama, na ukumbini yupo baba na ami yangu.

"Mwanangu," alisema, "babako yuwauliza. Yuko kijana wa Kisauni, mtu wa watu, ana kazi yake. Umeridhia akuoze?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno usiku kucha. Yalikuwa machache: namwomba baba ningoje nimalize mtihani. Nikafungua kinywa, na ninaapa hayakutoka. Nilitazama vidole vyake vilivyoingia rangi ya miyaa, nyekundu na urujuani, na nikafikiria kwamba nikisema nitakuwa yule msichana, nisiposema ndio nimeolewa. Somo yangu alingoja. Alingoja muda mrefu kupita desturi, mpaka nikamsikia baba akijikohoza.

"Nambia neno moja," alinong'ona. "Liwe lolote. Mimi nitalichukua kama lilivyo."

Sikusema. Machozi yalinitoka, lakini wanaoolewa kwa furaha nao hulia, kwa hivyo machozi hayahesabiwi. Mwisho aliinuka, akajitandika leso yake kichwani, akatoka. Nikamsikia ukumbini, sauti yake haitetemeki hata kidogo.

"Kasema hataki. Ataka kumaliza mtihani wake kwanza."

Mama alikuja juu pale pale. "Mwongo mkubwa! Mimi nilikuwa mlangoni, mtoto hakufungua kinywa!"

Baba akaja mpaka kwenye pazia la chumba changu. Niliona ncha za vidole vya miguu yake chini ya pazia. Aliniita, nikaitika abee.

"Ni kweli umemwambia somo yako hutaki?"

Hapo ndipo palipokuwa pangu. Neno moja tu, ndiyo, na somo yangu angesalimika, hasira zote zingeniangukia mimi niliyezistahili. Au la, na arusi ingefungwa. Nilinyamaza tena. Nilikumbatia mto na nikanyamaza mpaka vile vidole vikaondoka.

"Unaona?" mama alisema.

"Naona shaka," alijibu baba. "Huyu asema kakataa, wewe wasema ridhaa, na mtoto hasemi. Mimi sifungi ndoa juu ya shaka. Waambiwe wangoje."

Watu wa Kisauni hawakungoja. Hata kabla ya mtihani kufika tukasikia yule karani ameoa kule Junda. Mama, ambaye tayari alikuwa amechagua na vitambaa, alimwambia somo yangu mbele ya majirani kwamba amenitia maneno kinywani, amenifunga bahati, na asikanyage tena kwetu. Somo yangu hakujitetea. Angeweza kunigeukia aseme, muulizeni mwenyewe. Alichukua fungu lake la miyaa, akatoka kwa mlango wa uani, nami nilikuwa nimesimama pale pale karibu na mtungi wa maji. Nilijiambia kwamba nikisema sasa, mama atatafuta posa nyingine, mtihani utaniponyoka. Nilijiambia mengi. Kipande cha mwisho cha mchezo nikakisoma peke yangu, nikakihifadhi moyoni kama tulivyohifadhi sura chuoni.

Mtihani ukaja. Katika maswali ya kitabu kile, moja lilitaka tueleze tabia ya yule mama mlezi. Nilikaa nikalitazama mpaka msimamizi akanipitia mara mbili. Nilikuwa na mambo ya kusema juu ya mwanamke kama yule ambayo hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa nayo. Kisha nikaandika yaliyokuwa ubaoni: mropokaji, mjinga, kigeugeu, amewekwa pale ili watazamaji wacheke. Ndicho kilichokuwa kikitakiwa. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu vizuri, na nafasi ya ualimu niliipata.

Ilikuwa baada ya Idi nilipokwenda Shika Adabu, kwa siri. Somo yangu alikuwa kizingitini akisuka. Amekonda. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba na kunipisha niketi kana kwamba tulionana jana. Nikamwambia nimefaulu. Akamshukuru Mungu, akanishika kichwa. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi, na yale maneno nilikuwa nayo kooni, lakini yeye alitangulia.

"Yule msichana wako," alisema. "Tuliishia pabaya. Mimi hushinda nikimwazia. Babake alimwoza kwa nguvu?"

"La, somo."

"Kaponyoka?"

Nilikijua kifo chake kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, mpaka kisu. "Kaponyoka," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akakata mwaa kwa meno, akaunga mwingine. "Na yule mama aliyemlea? Walimsamehe? Walimwacha akarudi nyumbani?"

Nikatafuta kichwani mwangu, kwa haraka, ukurasa baada ya ukurasa. Yule mama analia asubuhi ile anapomkuta mtoto wake amelala haamki, na baada ya hapo hana tena neno. Wakubwa wanakutana mwishoni, wanapeana mikono, wanaahidiana makubwa. Yeye alikwenda wapi hakuna anayeuliza. Mwalimu hakuuliza, sisi darasa zima hatukuuliza, na katika mtihani hawakuuliza.

"Kitabu hakisemi," nikamwambia.

"Ah," alisema, na akaendelea kusuka.

Njiani kurudi nilijipangia maneno tena. Baba, kweli nilikuwa sitaki, somo alilisema langu, mwambie mama amrudishe. Mtihani ulikwisha, karani alioa, sikuwa na cha kupoteza tena. Niliyasema kwa sauti ndogo tangu Shika Adabu mpaka kona ya kwetu, na kila mara yalitoka vizuri. Baba alikuwa ukumbini, peke yake, anasoma. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Watoka wapi?"

"Kwa shoga yangu," nikasema, nikapita ndani.